Tope la Kutoka Runzewe

Nyuma ya Maganzo,
7 Julai 2024

Mdogo wangu Mayala,

Huku tuko hai. Mama yuko hai, mguu wake wa kushoto bado umevimba na bado anakataa kuuweka juu ya kigoda. Binti yangu Hosiana kamaliza kuvuna dengu. Mpunga tumeshapiga, magunia machache kuliko mwaka jana. Hizo ndizo salamu, zimekwisha.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanichekesha, nakata nikiwa bado nacheka, halafu nakumbuka nilichokupigia ukiwa umeshakimbia. Safari hii sitaki kucheka. Usinipigie, sitapokea. Barua hii nampa kondakta wa basi, maana hakuna kondakta asiyekujua. Jibu kwa njia hiyohiyo, kwa mwandiko wako, ili ukisema uongo, uongo wako ubaki umeandikwa.

Oktoba ulituletea malori mawili ya tope. Ulisema ni udongo wa kuchorongea miamba, haupitishi maji hata tone, tukiutandaza chini ya lambo letu maji hayatazama tena ardhini. Tukautandaza. Mvua zikaja, lambo likajaa, na mwezi wa sita ukatukuta bado tuna maji, jambo ambalo halijatokea tangu Baba alichimbe. Watu wakaleta ng'ombe kutoka vitongoji vitatu. Mama akawa anasema "lambo la Mayala" mbele ya wageni, utadhani marehemu Baba alikuwa kibarua wako.

Sasa maji yamebaki nusu, na juu yake pana utando. Unang'aa rangi rangi kama shingo ya njiwa. Ukichota, mkono unateleza. Ng'ombe wanafika ukingoni, wananusa, wanarudi nyuma. Waliozidiwa na kiu wanakunywa, kisha wanaharisha. Maziwa ya jana Hosiana kayamwaga, yananuka kama kibanda cha fundi pikipiki.

Nina swali moja. Ulituletea nini?

Dada yako,
Mbuke


Kambini, mbele ya Runzewe,
19 Julai 2024

Dada Mbuke, Mama Hosiana,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ya akiba, maana ya kwanza najua umeipokea kwa kuguna.

Mimi mzima kabisa. Mkanda nimeuongeza tundu kwa msumari wa moto, tumbo linadai nafasi. Mwambie Mama dawa ya kuchua nimempa kondakta, ile ya kopo jekundu wanayojipaka wacheza mpira wa Ulaya. Apake, ila asizidishe, tusije tukamkuta uwanjani anadai namba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa macho na mara moja kwa moyo. Unaniuliza niliwaletea nini, kama hujui unaongea na nani. Hapa kambini kuna mashine tatu za kuchoronga. Zinatoboa mwamba mita mia nne kwenda chini kutafuta dhahabu, na kila zinapotoboa zinatapika tope. Tope hilo nani analisimamia? Mdogo wako. Mimi ndiye Mkuu wa Taka. Ucheke usicheke, hakuna gari la uchafu linalopita getini bila kidole changu kusema pita. Mzungu akija, meneja anampa mkono, mimi ananikumbatia. Nimefanya kazi Chunya, nimefanya Mererani, nimefika Lubumbashi na viatu vya kuazima nikarudi na vyangu. Darasa la saba niliachia mlangoni, lakini dunia imenimalizia masomo na haikunidai ada.

Sasa msikilize mtaalamu. Tope lile ni unga wa udongo, unakuja kwenye mifuko, tunauchanganya na maji ili shimo lisibomoke. Ni safi. Kuna wenzangu hapa walijipaka usoni, wakawa wazuri wiki nzima. Huo utando wenu ni majani yanayooza, au ni pikipiki. Ignas, mwenyekiti wenu wa kitongoji, ana pikipiki inayovuja oili kuliko ng'ombe anavyovuja mate, na namjua, anaiogeshea lamboni. Muulize huyo.

Na ng'ombe wenu wamedeka. Mwaka mzima maji yako mlangoni, lazima waanze kuchagua.

Wasalimie wote wanaonipenda. Wasionipenda wasalimie mara mbili.

Mayala, Mkuu wa Taka


Nyuma ya Maganzo,
4 Agosti 2024

Mayala,

Mama anapaka dawa yako na anakuombea. Mimi simo kwenye maombi hayo. Hosiana ana mafua.

Nilimuuliza Ignas habari ya pikipiki, mbele ya watu, kwa sababu wewe uliandika. Akanijibu polepole: "Mama Hosiana, pikipiki yangu iko juu ya mawe tangu Pasaka. Haina hata matairi." Watu wakatazama chini kwa kunionea aibu. Hilo la kwanza.

La pili, Mihayo kapoteza ng'ombe wawili wa maziwa. Mihayo huyuhuyu wa majaruba ya mpunga ya hapo chini, aliyekufundisha kuogelea. Daktari wa mifugo alimpasua yule wa pili. Akaingiza mkono, akautoa, akanusa kidole, akakifuta kwenye majani mara nne. Kisha akafunga mkoba wake. "Hii ni dizeli," akasema. "Dizeli na grisi." Mihayo hakunitukana. Aliniangalia tu, kisha akaenda kumfukia ng'ombe wake. Angenitukana ningelala vizuri.

La tatu, mkutano umekaa Jumapili iliyopita. Nyumba yetu imetengwa. Wewe umekulia hapa, sina haja ya kukueleza, lakini nakueleza kwa sababu siku hizi wewe ni wa Lubumbashi. Hakuna wa kutusalimia. Hakuna wa kutuazima jembe wala kaa la moto. Tukifiwa, tuchimbe kaburi wenyewe. Itakuwa hivyo mpaka lambo lisafishwe, na alisafishe aliyelichafua. Wametupa muda hadi mvua ya kwanza. Mvua ikinyesha, lambo litafurika kwenye majaruba ya Mihayo na ya wenzake saba, na mpunga wao utalala kwenye mafuta. Ikifika hapo, tuhame. Mimi, Hosiana, na Mama na mguu wake.

Mama ana miaka sabini na nane. Ameniuliza jana nani atamchimbia. Nikamwambia ale ugali.

Njoo.

Mbuke


Kambini,
30 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako imelala wiki mbili kwenye mkoba wa kondakta, alikuwa anauguza mkewe huko Ushirombo. Mke kapona. Huku ni vumbi na upepo, macho yetu mekundu, ukitupita njiani utatuita wachawi.

Nami naona ndiko mnakonipeleka. Daktari gani wa mifugo anatibu kwa kunusa kidole? Huyo ni mpishi. Ng'ombe wa Mihayo wamekufa kwa ndigana, homa ya kupe, na kila mtu anajua kwamba Mihayo hawaogeshi ng'ombe wake. Yeye mwenyewe kuoga ni mpaka harusi.

Na wewe, Mbuke, usijifanye hukuwepo. Lambo lilipojaa nani alinipigia simu? Ulisema, "Mayala, umetufanya na sisi watu." Hilo mbona hukuliandika? Sifa tulikunywa wote kwa kata moja, lawama unanimiminia peke yangu. Tangu utoto uko hivyo. Chungu kikivunjika, Mayala. Mbuzi akipotea, Mayala. Baba alikufa akiamini mimi ndiye niliyechoma ghala, na unajua ni nani aliyeacha kibatari mle ndani.

Siji. Nikiondoka hapa mashine zinasimama, na zikisimama hizi kuna watu wakubwa hawapati usingizi.

Lakini kwa kuwa moyo wangu ni mkubwa kuliko barua yako, nakupa ufundi wa bure. Tafuta pamba, ile fifi, chafu, ambayo hata mnunuzi kaitupa. Usiichambue. Ijaze kwenye wavu wa kuvulia, mshike huku na huku, muiburuze juu ya maji. Pamba inakataa maji inakunywa mafuta. Si kwamba nakiri kitu. Nasaidia tu ndugu.

Mayala


Nyuma ya Maganzo,
8 Septemba 2024

Mayala,

Mama mzima, mafua ya Hosiana yamehamia kwangu.

Tumeburuza pamba fifi siku mbili, mimi na binti yangu, watu wakitutazama kutoka mbali kama wanaotazama vichaa. Iliingia nyeupe ikatoka nyeusi. Nimekuwekea kidonge kimoja humu ndani ya bahasha, umeshakiona, kimechafua hata mwanzo wa barua. Kinuse. Kisha niambie ni majani gani yanayooza yakanuka hivyo.

Na niambie jambo lingine, Mkuu wa Taka. Mtu ambaye tope lake ni safi kabisa, amejuaje haraka hivyo ni kitu gani kinachonyonya mafuta?

Siku ya tatu utando ukarudi. Unatoka chini. Ukikanyaga tope ukingoni, unaona mapovu yanapanda na kila povu likipasuka linaacha duara la rangi. Mafuta yako yamekaa chini kama kambale, yanapanda yanapotaka.

Jumapili kanisani Mama alimpa mkono rafiki yake wa miaka arobaini, mama yake Ignas. Yule bibi akaugeukia ukuta. Alikuwa analia huku ameugeukia, nilimwona, lakini hakuutoa mkono. Mama akarudisha wake akaupangusa kwenye kitenge kana kwamba ulikuwa na unga.

Lile la kibatari ulilolichimbua, nimelisoma. Silijibu. Sasa hivi kinachoungua ni hiki.

Imebaki miezi miwili.

Mbuke


Kambini,
25 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekinusa.

Sina habari za afya leo, ni mzima, inatosha. Nimekaa juu ya ndoo nyuma ya choo cha kambi, ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kuniuliza naandika nini.

Kwanza, hakuna cheo kinachoitwa Mkuu wa Taka. Nilikitunga mimi. Tuko wanne tunaovaa gambuti na kushika machepe, na kati yetu wanne mimi ndiye ninayeongea sana, basi. Mzungu hajawahi kunikumbatia. Aliwahi kunisukuma nisigongwe na gari, nikalihesabu.

Pili, hapa kuna mashimo mawili. Shimo la kwanza ni la lile tope la unga, na hilo kweli ni safi, sikukudanganya. Shimo la pili limetandikwa plastiki nene, ndimo tunamotia udongo wa chini ya mashine, wenye dizeli iliyomwagika, grisi ya mabomba na oili. Wiki ile niliyopakia, mashine namba mbili ilipasuka bomba la haidroliki. Oili ikatiririka mpaka shimo la kwanza. Fredy, ofisa mazingira wetu, kijana mpole, akasema lifungwe, lisiguswe mpaka lisafishwe. Nami nilikuwa nimeshamwahidi Mama. Nilimwahidi kwa sauti kubwa, kambi nzima ikinisikia. Na Marwa, dereva, alikuwa na malori mawili yanayokwenda Shinyanga tupu siku hiyo tu. Nikapakia.

Nilinusa, Mbuke. Nikajiambia, kwenye maji mengi litapotea. Miaka kumi na minne kila nikirudi nyumbani naleta hadithi. Safari ile nilitaka nilete kitu.

Sasa shika dawa. Hivi ndivyo Fredy alivyotufundisha, na nimefanya kwa mikono yangu miaka miwili, hapa sitanii. Ondoeni utando uliobaki kwa pamba, msubiri maji yakauke. Kisha kombeni tope lote mpaka mfikie udongo wa Baba, ule mwekundu. Litandaze juu ya turubai, mahali pa juu, mvua isilifikie, unene usizidi urefu wa mkono mpaka kiwiko. Changanya na samadi, kapu moja la samadi kwa makapu matatu ya tope, na pumba za mpunga ili lipumue. Nyunyiza maji, liwe na unyevu kama udongo wa kufinyangia, lisiwe uji. Kila wiki mligeuze kwa jembe. Ndani ya samadi kuna vijidudu visivyoonekana, vinakula mafuta kama wageni wa msibani. Miezi mitatu minne. Ukitaka kujua kama vimemaliza, tia kijiko cha udongo kwenye glasi ya maji utazame juu. Ukiona upinde wa mvua, bado.

Mimi siwezi kuja. Kuomba ruhusa lazima niseme naenda kufanya nini. Nikisema, watajua tope lilitoka getini, na kazi imekwisha. Nielewe.

Mayala


Nyuma ya Maganzo,
6 Oktoba 2024

Mayala,

Wote wazima.

Nimekuomba mtu, umeniletea mapishi.

Barua yako nimempa Ignas. Ameisoma mkutanoni leo baada ya ibada, kuanzia shikamoo mpaka jina. Kwenye Mzungu aliyekusukuma walicheka, siwezi kukuficha. Kwenye "nilinusa" hawakucheka. Aliposoma kwamba huwezi kuja, Mihayo aliinuka, akakung'uta suruali, akaondoka bila kuaga.

Mkutano umesema neno ni lilelile. Samadi tunayo. Pumba tunazo. Aliyepakia hatumwoni.

Upepo umegeuka, unatoka upande wa ziwa. Mvua haiko mbali.

Mbuke


Kambini,
17 Oktoba 2024

Mbuke,

Leo hupati shikamoo. Msalimie Mama.

Nilikuandikia wewe. Nilikaa juu ya ndoo nyuma ya choo nikakuandikia dada yangu, tumbo moja, ziwa moja, nawe ukampa Ignas asome kama tangazo la chanjo. Nimetembea nchi tatu, nimeibiwa na Wakongo, nimetapeliwa na wachungaji wawili na shehe mmoja, hakuna aliyenivua nguo hivyo. Barua kama ile mtu anazikwa nayo.

Basi nami nimefanya uchunguzi wangu. Nimempata Marwa stendi ya Runzewe, nikamnunulia supu, nikamuuliza siku ile ya Oktoba ilikuwaje. Marwa hana sababu ya kunidanganya, supu ilikuwa nzuri. Anasema: "Nilipofika kwenu, dada yako alipanda nyuma ya lori. Akachota tope kwa mkono. Akalinusa, tena akalisogeza puani mara ya pili. Mimi nikamuuliza, vipi, nirudi nalo? Akageuka nyuma. Watu walikuwa wengi pembeni ya lambo. Kisha akasema mwaga."

Umeniandikia barua nne, Mbuke. Nne. Daktari na kidole chake umemweka, ukuta wa kanisa umeuweka, hata pamba umeitia kwenye bahasha. Hilo tu ndilo lililokosa nafasi.

Kama uliweza kusomesha ile, somesha na hii.

Na usidhani nimekaa nikinuna tu. Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwa Fredy, nikamweleza yote, malori mawili, siku, njia. Akasema, "Mayala, ungekuja siku ileile tungeligeuza njiani." Kisha akafanya kazi yake, akaandika ripoti. Nimefukuzwa Jumatano. Lakini jioni alinifuata getini na maturubai manane, yake au ya kampuni sikumuuliza, akanisaidia kuyafunga.

Nafika Jumanne. Sitaki unipokee stendi. Chepe nakuja nalo.

Mayala


Nyuma ya Maganzo,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Mayala,

Nimesikia uko Geita, unabeba mizigo sokoni, na kwamba umeshawaambia wachuuzi uliwahi kuwa mkuu wa kitu fulani. Mama mzima, mguu umepungua, anasema ni dawa ya kopo jekundu, mimi nasema ni kwa sababu siku ulizokuwa hapa alikaa kutwa, mguu juu ya kigoda, akitusuluhisha.

Siku kumi na moja. Nimezihesabu. Tumekomba lambo zima, tumepandisha tope kwa mkokoteni mpaka uwanjani kwangu, tumelichanganya, na hatukusemeshana. "Mama, mwambie mwanao alete maji." "Mama, mwambie binti yako ndoo iko karibu naye zaidi." Hosiana anatuiga sasa, anachekesha wenzake kisimani. Na wenzake wanacheka naye, kwa hiyo umeshaelewa habari yenyewe iko wapi, lakini tulia, nitafika.

Niliona mikono yako ilivyotoka malengelenge siku ya pili. Sikusema. Niliona Mihayo anavyokutazama kutoka kwenye tuta la jaruba lake, kila siku, mikono nyuma. Siku ya tisa alikuja usiku au alfajiri, sijui, tukakuta mkokoteni uliokatika ekseli umetengenezwa. Hakuna aliyesema, nasi hatukuuliza, maana tulikuwa bado tumetengwa na yeye haruhusiwi.

Ulipoondoka mvua ilikuwa bado. Ilinyesha tarehe tisa, kubwa, ya mawe kidogo. Nilisimama ukingoni na kanga kichwani. Lambo likajaa, likafurika, maji yakaingia kwa Mihayo. Naye alikuwa amesimama upande wa pili na glasi. Akachota, akainua juu akatazama, akamwaga, akachota tena. Mara tano. Kisha akaiweka glasi mfukoni akaenda zake.

Mkutano ukakaa Jumapili ya tarehe kumi na saba. Ignas akasema kazi imeonekana, je, nyumba ifunguliwe. Nikaomba kusimama. Nilikuwa na barua yako, ile isiyo na shikamoo. Sikumpa Ignas. Niliisoma mwenyewe, yote, na mahali pa Marwa nilisoma polepole ili nisije nikaruka neno.

Mihayo akauliza, "Kwa hiyo ulinusa?"

Nikasema, "Nilinusa."

"Na ukajua."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ukasema mwaga?"

Nikamwambia ukweli, Mayala, na wewe nakwambia sasa kwa sababu siku kumi na moja nilikuwa nao mdomoni nikameza. Nikamwambia: "Mihayo, mlikuwa mmesimama pale wote. Miaka yote mkimtaja ndugu yangu mlikuwa mnacheka. Siku ile kaleta malori mawili, na hakuna aliyekuwa anacheka. Ningesema rudisha, mngecheka mpaka leo."

Halafu mama yake Ignas akasema kwa Kisukuma kwamba ng'ombe wawili wamekufa kwa ajili ya kicheko, na kwamba kicheko kile alikuwa nacho yeye pia. Wakatupiga mchenya, na faini hiyo ni haki: tuwalishe kitongoji kizima siku moja. Wamekuja jana. Wamekula dume letu jeusi na gunia la mchele. Mihayo alikaa karibu na mlango, akala kidogo, akamwamkia Mama. Kwa ng'ombe wake, nimempa ng'ombe wetu jike mwekundu na ndama wake. Hakushukuru, kamchukua. Sikutaka ashukuru.

Lambo linavuja kama zamani. Siku kumi baada ya mvua maji yalikuwa yameshuka urefu wa mtu. Kiangazi tutawapeleka ng'ombe mtoni kama alivyowapeleka Baba, na hakuna aliyelalamika, angalau si mbele yangu.

Tope liko uwanjani chini ya maturubai ya Fredy wako. Nimelipima jana, upinde wa mvua bado upo, ila umepauka. Lazima ligeuzwe kila Jumamosi mpaka mwezi wa pili. Kwa kuwa hatujatengwa tena, mkutano umesema hii si kazi ya nyumba moja, ukapanga zamu. Ignas kaandika orodha, imebandikwa kwenye mlango wa ghala la ushirika. Zamu yako ni tarehe kumi na nne Desemba, wewe na Mihayo.

Niliwaambia uko Geita, ni mbali. Mihayo akasema Geita kuna mabasi. Akasema jina lisifutwe, na ukikosa, utapigwa mchenya kama mkazi mwingine yeyote wa hapa.

Dada yako,
Mbuke